Mama Placidia na Askari wa Ng'ambo ya Mto

Na Jovitha Kokugonza, Mapokezi

Baada ya miaka thelathini na saba ya utumishi, Mama Placidia Kemilembe anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Kuanzia siku inayofuata, jiko la Kituo cha Malazi na Mikutano cha Mtakatifu Ana, hapa Murongo, litafunguliwa na mikono mingine. Wageni wetu wa siku nyingi wameshaanza kupiga simu kuuliza kama chai itakuwa ileile. Tumewajibu kwamba tutajitahidi.

Mama Placidia alizaliwa Kihanga mwaka 1965, katika familia ya wakulima wa migomba na kahawa. Alikuja kituoni mwaka 1988, enzi ambazo Kyerwa ilikuwa bado sehemu ya Karagwe, na kituo chenyewe kilikuwa na vyumba vichache, taa za chemli na tangi moja la maji ya mvua. Aliajiriwa kufua mashuka. Mpishi alipougua, akaombwa ashike mwiko kwa muda. Muda huo ndio unaokwisha mwezi huu.

Amewalisha mapadre na wachungaji, wanunuzi wa kahawa, madereva wa malori waliokwama mpakani, madaktari wa macho, na wanandoa wapya waliokuja kupumzika wakaishia kumsaidia kumenya ndizi. Wote aliwaita "mwanangu," wakiwamo wakaguzi waliomzidi umri. Mgeni mmoja kutoka mbali alipewa kahawa za kutafuna kama desturi yetu ilivyo, akadhani ni dawa ya malaria, akazimeza kwa maji na kuuliza atameza tena saa ngapi. Mama Placidia alimjibu kwa upole kwamba dozi imekamilika.

Jiko la gesi lilipoletwa, kwa muda mrefu alilipitia mbali kama mtu anayepita karibu na nyumba yenye mbwa. Leo hakuna anayelimudu kama yeye. Mabinti aliowafundisha kazi sasa wanapika Kayanga, Bukoba hadi Mwanza, na kila mmoja akirudi likizo hupitia kwanza jikoni kusema "shikamoo Mama" kabla hajafika kwao.

Lakini ukimtaja Mama Placidia kwa mtu yeyote wa Murongo, atakuuliza habari ya filamu. Imesimuliwa kwa namna nyingi, na wengine wameongeza mamba. Mimi nilikuwapo. Naomba niiandike hapa jinsi ilivyokuwa.

Ilikuwa Novemba 2018, mvua za vuli zikinyesha. Kituoni walifikia watu wa filamu, wakiongozwa na Laurensia Uwingabire, binti aliyezaliwa Rugu katika familia yenye asili ya Rwanda, akasomea uongozaji wa filamu Dar es Salaam na kurudi na kamera nyumbani. Filamu yake iliitwa *Mto Haujalala*. Ilihusu askari aliyeachwa nyuma na wenzake katika nchi ya adui. Amejeruhiwa, anasakwa usiku na mchana, anajificha migombani, na kila hatua anayopiga inaweza kuwa ya mwisho. Kati yake na nyumbani kuna mto mmoja tu. Askari huyo aliigizwa na Lameck Chidawali, kijana mpole kutoka Dodoma, ambaye hakujua kuogelea na hakujua hata neno moja la Kinyambo, lugha ya kwetu.

Alikosekana mama wa askari. Siku moja Laurensia alikuwa anasubiri maji ya moto karibu na jiko, akamsikia Mama Placidia akimgombeza muuza maziwa. Akaingia ndani macho yakimng'aa.

"Mama, nimekutafuta mkoa mzima."

"Mimi siku zote niko hapa," alijibu Mama Placidia. Alipoelezwa anatakiwa afanye nini, akageuka akaendelea kumenya ndizi. "Mwanangu, tafuta mwingine. Vita mimi siigizi."

Sisi wa siku nyingi tulijua sababu. Kaka yake, Yusto, alivuka mpaka na wanamgambo wakati wa vita vya Kagera, Placidia akiwa bado binti wa shule ya msingi. Vita viliisha, wenzake wakarudi, yeye hakurudi. Hakuna mwili ulioletwa, wala barua, wala mtu aliyesema nilimwona akianguka. Mama yao, hadi anafariki, kila mwaka aliomba parokiani misa ya kumwombea msafiri. Baada yake, Placidia akaendelea kuiomba misa hiyo kwa maneno yaleyale.

Laurensia hakumlazimisha. Aliketi kwenye kigoda, akachukua kisu, akamenya naye, huku akimsimulia filamu yote kuanzia mwanzo. Ndizi zilikwisha, hadithi ikaendelea. Mwishowe Mama Placidia akauliza bila kuinua macho:

"Na huyo kijana wako, anarudi?"

"Anarudi, Mama."

"Basi nitakuwa mama yake."

Sehemu za mtoni zilipigwa picha mbali kidogo na mji, pale ambapo Kagera inalegea na kujaa mafunjo. Asubuhi hiyo nilikuwa na zamu ya kupeleka chai. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, mweupe na mzito, na sauti zilitufikia kama zinatoka chumba cha pili. Lameck alikuwa amelala kifudifudi juu ya kisiwa kidogo cha mafunjo yanayoelea, amevaa sare za jeshi zilizochanwa, ubavuni amepakwa damu ya bandia, bunduki ya mti iko chini ya kifua chake. Kisiwa kilikuwa kimefungwa kamba kwenye mti wa ufukweni. Mama Placidia, aliyekuwa amevalishwa kitenge kikuukuu na kilemba cheusi, alisimama kando yangu akisubiri zamu yake.

Sikuona kamba ikifunguka. Niliona tu kwamba Lameck amekuwa mdogo zaidi. Kisiwa kilijitenga taratibu, bila sauti, kama mtu anayeondoka kanisani kabla ya baraka. Mpiga picha aliendelea kupiga, akidhani ni sehemu ya hadithi. Laurensia ndiye aliyepiga kelele. Lameck aliinua kichwa, akatutazama, akaangalia maji pande zote, na hakuthubutu kusimama. Halafu ukungu ukamfunika.

Tulikimbia kando ya mto tukimwita. Baada ya muda tukasikia mayowe, lakini si yake. Yalikuwa mayowe ya watu wengi, kutoka ng'ambo, upande wa Uganda. Twagirayezu, mkulima ambaye mtumbwi wake ulitumiwa na watu wa filamu, alisimama akatega sikio. Uso wake ulibadilika.

"Wamekamata mwizi wa ng'ombe," alisema. "Wanasema ni askari. Ana bunduki."

Tulikuwa tumesikia sokoni kwamba wiki chache kabla, watu waliovaa nguo za jeshi walikuwa wameswaga ng'ombe wa kijiji kile. Na Lameck wetu angejitetea kwa lugha gani? Angesema Kiswahili, lugha ambayo wazee wengi wa upande ule waliijua kwanza midomoni mwa watu wenye silaha.

Laurensia alikuwa ameshika simu, akilia na kuongea kwa wakati mmoja. Viongozi wa ng'ambo walipatikana, wakasema wanakuja mara moja, lakini barabara ya kufika pale inazunguka vilima. Vijana wa kamera wakaanza kuvua viatu ili wavuke.

"Wanaume wasiende," alisema Mama Placidia. "Wakiona mwanamume mwingine watasema ndiye mwenzake." Akanishika mkono. "Jovitha, beba chupa ya chai."

"Mama, chai ya nini sasa?"

"Watu waliotoka mbio asubuhi hawajanywa chochote. Beba."

Nimevuka mto ule mara nyingi baadaye, na haujawahi kuwa mpana kama siku ile. Twagirayezu alipiga kasia polepole ili viboko wasishtuke. Hatukuona tulikotoka wala tunakokwenda. Mafunjo yalitokea, yakainama, yakapotea. Ndege mweupe alikuwa amesimama juu ya jani, akatutazama kana kwamba tulikuwa tumechelewa. Mama Placidia aliketi mbele, mgongo umenyooka, na mara moja niliona midomo yake inacheza. Nilidhani anasali. Kumbe, aliniambia baadaye, alikuwa anarudia maneno ya filamu. Sehemu ya mama kumpokea mwanawe ilikuwa ipigwe kesho yake, na alikuwa anaogopa kuyasahau.

Twagirayezu alibaki na mtumbwi, nasi wawili tukafuata sauti hadi kwenye kaya moja katikati ya migomba. Lameck alikuwa amekalishwa chini, mikono imefungwa nyuma kwa kamba ya mgomba, watu wamemzunguka na fimbo na mapanga. Hakuwa amepigwa sana, lakini mdomo ulikuwa umevimba. "Ndugu zangu, mimi ni msanii," alikuwa anasema, "naigiza tu, ndugu zangu," na kila neno la Kiswahili lililotoka lilimletea fimbo karibu zaidi.

Mama Placidia hakukimbia. Aliingia uani kama mtu aliyealikwa, akasalimia kwa Kinyambo, kaya nzima, wazee kwanza. Lugha ya pale na yetu ni ndugu wa tumbo moja. Watu waliitikia kabla hawajajua kama wanataka kuitikia. Mzee mrefu aliyeitwa Apolinary, ambaye ndiye aliyeibiwa ng'ombe, akasogea mbele.

"Mama, unamtaka nani hapa?"

"Nimemfuata mwanangu."

"Huyu askari?"

"Huyo."

Apolinary akamgeukia Lameck, akamwuliza jina lake kwa lugha ya pale. Lameck akamtazama tu, macho yamejaa machozi. Watu wakaguna.

"Mwanao gani asiyejua lugha ya mama yake?"

Nilifumba macho. Nikamsikia Mama Placidia akijibu bila kusitasita, "Nimemzaa wiki iliyopita. Hajapata muda wa kujifunza."

Kuna mtu alicheka nyuma, akajizuia. Mama Placidia akawaeleza habari ya filamu, kamera, kamba iliyofunguka. Aliwaambia waikague bunduki. Apolinary akaipima mkononi, akaitupa chini kwa dharau.

"Ya mti. Na wale walioniibia, nani alipima zao kama ni za chuma?"

Bibi mwenye kaya ile, Benadeta, mzee aliyejifunga shuka begani, alikuwa amekaa mlangoni muda wote. Alijikongoja hadi kwa Lameck, akainama, akachovya kidole kwenye damu ya ubavuni, akakiweka mdomoni.

"Sukari," alisema. "Jamani, damu yake ina sukari."

Baadhi wakacheka kwa sauti, lakini Apolinary bado alikuwa ameshika panga. Ng'ombe wake hawakuwa wa kuigiza. "Kama ni mchezo, na tuuone," alisema. "Wewe mama yake, tuonyeshe."

Na Mama Placidia akaigiza, pale uani, bila kamera wala mtu wa kumwelekeza. Alirudi hadi kwenye migomba, akatoka tena akitembea kama mwanamke anayeteka maji, akamwona mtu amekaa chini, akasimama. Maneno yaliandikwa kwa Kiswahili. Yeye aliyasema kwa Kinyambo. Alimwita yule askari, akamwuliza amepita njia gani, amelala wapi siku zote hizi, kwa nini hakutuma hata salamu, mama amemngoja mpaka mama amekufa. Mengi ya hayo hayakuwamo kwenye filamu. Na jina alilomwita halikuwa la askari wa filamu. Alimwita Yusto.

Lameck hakuelewa lugha, lakini alielewa. Alimjibu kwa maneno yake aliyofundishwa, "Nimerudi, Mama. Nisamehe nimechelewa." Mama Placidia akapiga magoti kwenye matope, akamshika kichwa kwa mikono miwili. Matone ya mvua ya jana yalikuwa yakianguka kutoka jani hadi jani.

Benadeta ndiye aliyeomba kisu. Alikata kamba mwenyewe.

Tulikunywa chai. Haikutosha, kwa hiyo Benadeta akainjika nyingine. Apolinary alipokea kikombe cha kwanza kutoka mkononi mwa Lameck, na ndivyo alivyomwomba radhi, maana kwa mdomo hakuomba. Tulipokuwa tunawasubiri viongozi, bibi alimwuliza Mama Placidia huyo Yusto ni nani. Akamwambia.

Benadeta akasema kwamba wakati wa vita vile vijana wa kwetu Tanzania walipita pale wengi. Mmoja aliachwa na wenzake, mguu umevimba, akajificha jikoni kwake. Bibi alimpa ndizi za kuchoma. Alfajiri akaondoka kuelekea kilimani, na bibi hakujua alifika wapi.

"Alikuwa na mwanya hapa mbele?" aliuliza Mama Placidia.

"Mwanangu, sikumtazama meno. Nilimtazama njaa."

"Alikaa wapi?"

Bibi akamwonyesha. Jiko la zamani lilikuwa limebomoka, pamebaki mawe matatu na mgomba umeota katikati. Mama Placidia alikwenda akakaa pale, akanyoosha miguu. Hakulia. Alikuwa anatazama kilimani, ambako ukungu ulikuwa unafunguka polepole na kuacha njia nyembamba nyekundu. Alikaa hadi jua likafika magotini mwake. Huenda alikuwa Yusto, huenda alikuwa kijana wa mama mwingine. Hakuna aliyejua, na yeye hakuuliza zaidi.

Viongozi wa kijiji walifika, wakasikiliza, wakatusindikiza wenyewe hadi darajani, na maofisa wa pande zote mbili wakatuvusha wakijitahidi kuwa na nyuso za kazi. Apolinary alikuja naye hadi barabarani. Alimwachia Lameck fimbo yake ya kuchungia kama zawadi.

Siku mbili baadaye Laurensia alipiga ile sehemu ya mama. Sote tulitegemea machozi. Mama Placidia alitoka migombani, akamwona askari, akasimama akimtazama, muda mrefu mpaka tukadhani amesahau. Halafu akasema neno moja tu ambalo halikuandikwa popote: "Umekula?"

Laurensia hakuomba arudie.

Filamu ilionyeshwa hapa kituoni Agosti iliyofuata, jioni, kwenye ukuta mweupe wa bwalo. Watu walijaa hadi madirishani. Kwa nusu ya kwanza hakuna aliyekaa vizuri. Askari alipotambaa chini ya daraja huku wanaomsaka wanapita juu yake, ukumbi mzima ulimwambia "Lala chini! Lala!" na mzee mmoja alijilaza kweli. Benadeta alikuwa amevuka kwa daraja na kuketi mstari wa mbele, bega kwa bega na Mama Placidia. Ilipofika "Umekula?" nilisikia watu wazima wakilia bila aibu, wakicheka katikati ya kulia. Mama Placidia alikuwa anajitazama ukutani, mkubwa, mweupe kwa mwanga, kama mtu anayemtazama ndugu yake anayefanana naye.

Mwaka huo alikwenda parokiani Kihanga kuomba misa ya familia kama kawaida. Katibu, kwa mazoea, akaandika ya kumwombea msafiri. Mama Placidia akamwomba abadilishe. Wadogo zake walikuja kutoka Rugu na Kayanga, wakaketi benchi moja, na padre alipomtaja marehemu Yusto kwa sauti, dada yao Placidia aliitikia kwa nguvu kuliko wote. Baada ya misa walikula pamoja nyumbani. Aliniambia kwamba usiku ule alilala hadi jua likachomoza, jambo ambalo wapishi hawalifanyi.

Tangu hapo amefanya kazi kama alivyofanya siku zote, labda akiimba zaidi. Lameck humpigia simu kila Krismasi na kumwamkia kwa Kinyambo alichojifunza kwa shida na kwa makosa mengi. Laurensia ametangaza filamu nyingine na ameulizia kama mama wa askari yupo. Amejibiwa kwamba yupo, ila atakuwa na shamba la kahawa la kuangalia, waje msimu usio wa mavuno.

Tulipomwuliza angependa tumuage kwa zawadi gani, alitukataza kununua kitu. Aliomba jambo moja. Kwa hiyo watumishi wote mnaarifiwa kwamba tarehe 30, baada ya chakula, hatutamsindikiza Kihanga. Tutampeleka darajani na kumvusha, kwa hati halali safari hii, hadi kwa Benadeta, ambaye ameshamtandikia kitanda na hasikii vizuri tena lakini bado anapika. Mama Placidia anasema atakaa huko mpaka achoke kukaa. Kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, kuna mtu mwingine atakayemwandalia chai.

Mama, asante kwa kila sahani. Uongozi na watumishi wa Mtakatifu Ana tunakuombea afya, usingizi mrefu, na asubuhi zisizo na haraka. Nenda salama, na ukifika ng'ambo, tupungie mkono. Tutakuwa tumesimama.